Hakimiliki ya kitabu chako: mwongozo kamili kutoka mswada hadi mezani kwa muuzaji

Ujumbe huu, au ndugu yake, hunifikia karibu kila mwezi: "Kaka, ISBN nimeshapata, kwa hiyo hakimiliki tayari, au siyo?" (ISBN ni namba ya kukitambua kitabu; tutaifikia.) Mwingine ameshamlipa mpiga chapa nusu ya fedha ndipo anauliza mchora jalada ana haki gani. Mwingine amesaini mkataba wa kurasa mbili, akausoma baada ya kusaini.

Mimi si wakili. Nahariri na kusanifu kurasa hapa Dar es Salaam, na vitabu hupita mezani kwangu vikiwa vimebakiza hatua moja kuingia mtamboni. Makosa ninayoyaona ni yale yale. Karibu yote ni ya mtu aliyekuwa na haki yake tangu mwanzo, akaiachia kwa mdomo au kwa saini ya haraka. Ndiyo maana hatua zote hapa chini zinafuata mpangilio mmoja: karatasi kwanza, halafu fedha, halafu faili. Ukiugeuza, utabaki kutegemea huruma ya mtu.

Nafuata sheria ya Tanzania Bara, yaani Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Zanzibar wana sheria yao ya mwaka 2003 na taasisi yao, COSOZA. Kenya wana sheria ya mwaka 2001 na bodi yao, KECOBO. Pale tofauti inapoweza kukuumiza, nitasema.

## Andaa hivi kwanza

- Mswada kamili, faili ya Word na PDF yake.
- Rasimu zako za zamani, pamoja na daftari la mkono kama lipo. Usitupe hata lenye madoa ya chai.
- Barua pepe ambayo ni yako peke yako, si ya ofisi wala ya mdogo wako.
- Kitambulisho cha Taifa au pasipoti.
- Mkataba wako wa ajira, kama umeajiriwa na unachoandika kinakaribiana na kazi yako.
- Orodha ya kila mtu aliyekigusa kitabu: mhariri, mchoraji, mpiga picha, mfasiri, aliyeandika dibaji.
- Orodha ya kila kitu kilichomo ambacho hukukiandika wewe: nukuu, beti, mistari ya nyimbo, aya za vitabu vya dini, picha, ramani, michoro.
- Bahasha moja ngumu ya kuhifadhi karatasi zote.

Orodha hizo mbili za watu na vitu ndizo wengi huziruka. Zitakuchukua jioni moja. Ziandike kabla ya kuendelea.

## Hatua ya 1: Jua kilicho chako na kisicho chako

Hakimiliki huzaliwa pamoja na kazi. Ukishaandika maneno yako mwenyewe, umeshaipata, hata kama yamo daftarini na hayajaonwa na mtu. Huo ndio msingi wa Mkataba wa Berne, makubaliano ya kimataifa kuhusu hakimiliki, ambao Kenya iliingia mwaka 1993 na Tanzania mwaka 1994: mwandishi hadaiwi usajili wala muhuri ndipo haki yake itambuliwe.

Kinacholindwa ni maneno jinsi ulivyoyapanga. Wazo halilindwi. Msichana anayekimbia ndoa ya utotoni akaja kuwa rubani ni kisa ambacho yeyote anaweza kukiandika, na ukimshitaki kwa hilo utapoteza nauli. Lakini akichukua sura yako ya tatu, akabadilisha majina na kuacha mazungumzo yalivyo, hapo una kesi. Vilevile takwimu tupu, habari za siku, maandishi ya sheria na hukumu za mahakama havina mwenyewe kwa maana hii. Walimu wanaoandika vitabu vya kiada wapumue.

Ndani ya hakimiliki kuna mafungu mawili. Haki za kiuchumi ni za kutoa nakala, kusambaza, kutafsiri, kusoma kwa sauti na kuuza, kugeuza riwaya kuwa filamu. Hizi unaweza kuziuza au kuzikodisha. Haki za kimaadili ni ya kutajwa kuwa wewe ndiye mtunzi, na ya kupinga kazi yako isikatwekatwe kwa namna inayokuvunjia heshima. Ukiuza zile za kwanza, hizi za pili hubaki nawe.

Muda wake ni maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako, Tanzania na Kenya. Uingereza ni miaka 70.

Onyo kwa walioajiriwa: kama kuandika ndiyo kazi unayolipwa mshahara, haki za kiuchumi zinaweza kuwa za mwajiri. Mwalimu anayeandika riwaya usiku nyumbani kwake hana shida. Mwalimu aliyepewa muda wa kazi na kompyuta ya shule atunge moduli, asome mkataba wake leo.

Umemaliza hatua hii ukiweza kujibu bila kusita: kurasa zipi ni zangu, zipi ni za wengine, na zipi hazina mwenyewe.

## Hatua ya 2: Funga tarehe

Ugomvi ukitokea, swali la kwanza ni nani alitangulia. Ile njia ya zamani ya kujitumia bahasha kwa posta na kuiacha bila kufungua haikupi haki yoyote, na kama ushahidi ni dhaifu, kwa sababu bahasha inaweza kutumwa wazi ikafungwa baadaye.

Fanya hivi: kila ukimaliza rasimu, jitumie kwa barua pepe, na jina la faili liwe na namba na tarehe. Usiandike rasimu mpya juu ya ile ya zamani. Tarehe ya barua pepe hutunzwa na mtambo usioushika wewe, na msururu wa rasimu tano zinazokua hauwezi kughushiwa kirahisi na mtu aliyeiba ya mwisho.

Ukimpelekea mtu mswada, tumia barua pepe hiyo hiyo na uandike mstari mmoja: "Nakutumia mswada huu uusome na kunipa maoni tu, tafadhali usimpe mtu mwingine." Akijibu "sawa, nimepokea", umeshapata karatasi ya kwanza ya bahasha yako.

Kuna mahali pamoja miswada inavuja kuliko pote: steshenari. Ingia yoyote iliyo karibu na chuo, utazame kioo cha kompyuta wakati kijana anatafuta faili yako. Utaona "RIWAYA FINAL", "riwaya final 2", tasnifu za watu, barua za kuomba kazi, na pengine kitabu kizima cha mtu ambacho hakijatoka. Ukichapisha hapo, simama mpaka faili ifutwe, na pipa la taka la kompyuta limwagwe. Kama umeituma kwa WhatsApp ya duka, ifute na huko.

## Hatua ya 3: Safisha vya watu

Chukua ile orodha ya vitu usivyoviandika wewe. Tunapita kimoja kimoja.

Nukuu za kawaida. Sheria inaruhusu kunukuu bila kuomba, kwa masharti: taja kazi na mtunzi, urefu usizidi haja yako, na unukuu kwa uungwana. Utasikia "asilimia kumi inaruhusiwa" au "maneno mia tatu hayana shida". Hakuna namba kama hiyo. Mimi hujiuliza hivi: nukuu hii ipo ili niijadili, au ipo ili ipambe ukurasa? Ya kujadiliwa hupita. Ya kupamba, omba ruhusa au iondoe.

Mistari ya nyimbo. Hapa ndipo waandishi wa riwaya hunasa. Wimbo ni mfupi, kwa hiyo mistari minne ni sehemu kubwa yake. Ukitaka mhusika wako asikilize taarabu, taja jina la wimbo na mwimbaji, eleza ngoma zilivyopigwa, usiyachape maneno. Mara nyingi sura hutoka nzuri zaidi.

Washairi waliotangulia. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962, kwa hiyo kwa hesabu ya Tanzania muda wa ulinzi umeshapita na beti zake unaweza kuzichapa. Mtaje jina, hiyo ni adabu ya lugha yetu. Ila angalia: dibaji, maelezo ya chini na jalada la toleo la karibuni ni kazi za watu wengine walio hai. Nakili ubeti, usipige picha ukurasa.

Biblia na Kurani. Andiko lenyewe ni la kale, lakini tafsiri ya Kiswahili uliyonayo mkononi inaweza kuwa na mwenyewe. Fungua kurasa za mwanzo, utaona mmiliki na pengine masharti ya kunukuu. Aya moja moja zenye kutajwa tafsiri hazileti matata. Kitabu cha ibada za siku 365, kila siku na aya zake, omba ruhusa.

Picha. "Nimeitoa Google" si jibu; Google ameionyesha tu, mwenyewe yuko kwingine. Kama picha ina leseni huria, soma herufi zake. Ukiona NC, maana yake si kwa biashara, na kitabu cha kuuza kimetoka hapo hapo.

Ngano na methali. Hadithi ya sungura na fisi ni ya jamii. Usimulizi wako, kwa maneno yako, ni wako. Sheria ya Tanzania ina sehemu yake kuhusu sanaa za jadi, kwa hiyo taja jamii na mahali ulikokusanya, na kama kitabu kizima ni mkusanyo wa ngano, waulize BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, kabla ya kuchapa.

Barua ya kuomba ruhusa isizidi aya moja. Nakupa mfano:

> Naomba ruhusa ya kuchapa beti mbili (zimeambatanishwa) kutoka kazi yako …… ndani ya kitabu changu ……, nakala 1,000 za karatasi pamoja na toleo la kielektroniki, kuuzwa Afrika Mashariki. Nitataja jina lako kama utakavyoelekeza. Tafadhali nijulishe kama kuna malipo au masharti.

Asiyejibu hajakubali. Kumbusha mara mbili, halafu ondoa. Hatua imekamilika kila mstari wa orodha ukiwa na moja ya maneno haya: "nukuu halali", "ruhusa ipo", "muda umepita" au "nimeondoa".

## Hatua ya 4: Karatasi kwa kila mkono uliogusa kitabu

Malipo ni ya kazi. Haki ni jambo jingine, na lazima litajwe.

Mwandishi mmoja niliyemsanifia kitabu alilipa jalada vizuri kabisa. Mwaka uliofuata akalitumia kwenye fulana na mabango ya uzinduzi wa toleo la pili. Mchoraji akapiga simu akitaka malipo mengine, na mwandishi akaja kwangu amefura. Nilimuuliza mlikubaliana nini. Akafungua simu: ujumbe wa M-Pesa na neno "asante bro". Mchoraji hakuwa na kosa. Alilipwa kuchora jalada la kitabu, na hakuna aliyemwambia habari ya fulana.

Kenya hapa wana kanuni ya kuangaliwa sana: kazi iliyoagizwa na mtu huhesabiwa kuwa hakimiliki yake imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Inamsaidia anayeagiza mchoro. Lakini igeuze: ukiwa wewe ndiye mwandishi uliyeagizwa na taasisi kuandika kitabu, haki yako inaondoka hivyo hivyo usipoandika kinyume.

Karatasi ya mchoraji inatosha kuwa hivi:

> Mimi …… nimechora jalada la kitabu …… na kupokea Sh ……. Ninamruhusu …… kutumia mchoro huu katika matoleo yote ya kitabu hicho, ya karatasi na ya kielektroniki, na katika matangazo yake yote, kwa muda wote wa hakimiliki. Mchoro ni kazi yangu na sikuuchukua kwa mtu. Jina langu litatajwa ndani ya kitabu.
> Saini …… Tarehe …… Shahidi ……

Angalia kuwa hiyo ni ruhusa, si kununua haki zote. Wengi wanang'ang'ania haki zote bila kujua watazifanyia nini. Kwa jalada, ruhusa pana inatosha, ni nafuu, na mchoraji naye ni msanii kama wewe. Kwa kitabu cha watoto, ambacho michoro ni nusu ya kazi, jadilianeni mrabaha (asilimia ya mauzo) au mhamishiane haki kwa bei inayoeleweka.

Mhariri: aandike kuwa hadai utunzi. Mwenye dibaji: aruhusu itumike matoleo yote. Waandishi wawili: andikeni mgawo wa asilimia, nani anasaini mikataba, na mmoja akifariki fungu lake linakwenda kwa nani. Kaeni chini mapema, kitabu kikiwa bado hakijaingiza hata shilingi. Zikianza kuingia, mazungumzo hayo huwa magumu.

Kuhusu majalada yanayotengenezwa na programu za akili mnemba: ofisi ya hakimiliki ya Marekani hukataa kusajili picha isiyo na mkono wa mtunzi binadamu. Kama hutaki jirani atumie jalada lako lile lile, mtafute mchoraji.

## Hatua ya 5: Sajili

Haki unayo bila usajili, nimeshasema. Cheti kinakurahisishia kuthibitisha, nacho ndicho watu wa mtandaoni na polisi huelewa haraka. Kwa Tanzania Bara nenda COSOTA, ambayo sasa ni Ofisi ya Hakimiliki Tanzania. Kenya unasajili KECOBO kwa mtandao.

Jiandae na fomu, nakala ya kazi, kitambulisho na ada. Malipo ya serikali hapa Tanzania huenda kwa kumbukumbu namba (control number). Mtu akikupa namba yake ya simu utume "ada ya hakimiliki", mshukuru na uondoke.

Kosa linalorudiwa ni majina. Kitambulisho kinasema jina moja, jalada lina lakabu, na jina la kitabu limebadilika baada ya kusajili. Amua jina la kitabu kwanza. Ukitumia lakabu, jaza yote mawili. Ukipokea cheti, soma herufi kwa herufi palepale kaunta.

## Hatua ya 6: ISBN na ukurasa wa hakimiliki

ISBN ni namba ya kukitambua kitabu dukani na maktabani, tarakimu 13, na haisemi lolote kuhusu umiliki. Tanzania hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, Kenya na Huduma ya Maktaba ya Taifa. Toleo la karatasi na la kielektroniki kila moja lina namba yake. Ukirudia kuchapa bila kubadilisha, namba hubaki. Ulizia pia nakala za amana, yaani za kuhifadhiwa maktabani, unazotakiwa kuwapelekea.

Mtu akikupa ISBN "ya bure", uliza imeandikishwa kwa jina la mchapishaji gani. Mara nyingi si lako.

Ukurasa wa hakimiliki hukaa nyuma ya ukurasa wa jina. Nakili huu, jaza nafasi:

> © Jina la Mwandishi, mwaka
> Toleo la kwanza, mwaka
> Kimechapishwa na ……, mji, anwani ya barua pepe
> ISBN ……
> Jalada: …… Uhariri: …… Usanifu: ……
> Beti za ukurasa wa 41 zimetumika kwa ruhusa ya ……
> Haki zote zimehifadhiwa. Hairuhusiwi kunakili, kudurufu, kusambaza kwa njia ya kielektroniki, kurekodi kwa sauti wala kutafsiri kitabu hiki au sehemu yake bila idhini ya maandishi ya mwenye hakimiliki, isipokuwa nukuu fupi kwa ajili ya uhakiki au mafunzo.
> Kimepigwa chapa na ……

Mbele ya alama ya © lazima liwe jina la mwenye haki. Nimeona zaidi ya mara moja jina la mpiga chapa limekaa hapo, kwa kuwa alinakili ukurasa wa kitabu kilichopita. Ukaguzi wa mwisho kabla ya mtambo ufanye hapo kwa kidole, ukisoma kwa sauti.

## Hatua ya 7: Mkataba na mchapishaji

Kaa hapa muda mrefu. Kama unajichapishia, ruka hatua hii lakini uirudie siku utakayofuatwa.

Kitu cha kwanza: unauza au unapangisha? Kuhamisha haki ni kuuza nyumba. Kutoa leseni ni kupangisha. Mpangaji ana muda wake na masharti yake, na mwisho nyumba inarudi kwako. Tafuta sentensi yenye "haki zote, kwa namna zote, duniani kote, kwa muda wote". Ukiiona na hakuna fedha ya maana mbele yake, usisaini. Kenya sheria inasema wazi kuwa kuhamisha haki au kutoa leseni ya pekee (ya mtu mmoja tu) bila maandishi yenye saini hakuna nguvu. Hivyo uchunge mkono wako. Hiyo ndiyo kalamu wanayoisubiri.

Soma vipengele hivi ukiwa na penseli:

1. Namna za kitabu. Karatasi, kielektroniki, sauti, tafsiri, filamu. Mpe mchapishaji zile anazoweza kuzifanyia kazi. Asiye na studio anataka haki ya sauti ya nini?
2. Muda na eneo. Miaka mitano Afrika Mashariki inatosha kwa kuanzia.
3. Mrabaha ni asilimia ya nini. Hapa ndipo fedha inapotea.
4. Taarifa ya mauzo. Mara mbili kwa mwaka, kwa maandishi, na haki ya kukagua hesabu.
5. Kurudi kwa haki. Kitabu kikiisha stoo na kisichapwe ndani ya miezi 12 tangu udai kwa barua, haki zote zirudi kwako.

Tupige hesabu ya namba tatu. Kitabu kinauzwa Sh 10,000. Duka linakata asilimia 40, mchapishaji anabaki na 6,000. Mrabaha wako ni asilimia 10. Kama ni ya bei ya rafu, unapata Sh 1,000 kwa nakala. Kama ni ya mapato halisi, unapata 600. Kwa nakala 2,000 tofauti ni Sh 800,000, na mkataba wote umebadilika maneno mawili tu. Mapato halisi si wizi, wachapishaji waaminifu wengi huyatumia, ila asilimia iwe kubwa zaidi kufidia.

Kuna na wale wanaojiita wachapishaji huku gharama zote unalipa wewe. Sina ugomvi na huduma ya kulipia. Mimi mwenyewe naiuza. Lakini aliyelipa uhariri, jalada na uchapaji kutoka mfukoni mwake hana sababu ya kumwachia mtu hata asilimia moja ya haki. Mkataba wake uwe wa huduma, basi.

Mpe wakili asome kwa saa moja. Ada yake iweke kwenye bajeti pamoja na ya jalada. Umefaulu ukiweza kumweleza ndugu yako, bila kutazama karatasi, umetoa nini, kwa muda gani, na kitarudi lini.

## Hatua ya 8: Mpiga chapa

Faili yako ikiingia kwake, anayo. Nakala za ziada hutoka usiku, mtambo ukiwa bado una joto.

Oda iandikwe: idadi ya nakala, aina ya karatasi na uzito wake, tarehe, na mstari usemao faili itatumika kwa oda hii tu na itafutwa baada ya kukabidhi. Hesabu maboksi mwenyewe, saini hati ya makabidhiano yenye idadi. Mpe PDF ya kuchapa, kamwe usimpe faili la usanifu linaloharirika.

Halafu weka alama yako. Wapo wanaogonga muhuri wenye namba ukurasa wa kwanza, wapo wanaosaini kwa wino. Mimi hupendekeza na kosa dogo la makusudi ukurasani, kama nukta mbili mahali pa moja, lijulikane na wewe na msanifu wako tu. Niliwahi kukuta kitabu nilichokisanifu kwenye meza ya wauza vitabu barabarani. Jalada lilikuwa na wekundu uliofifia kama limelala juani, gundi ilikatika nilipolifungua katikati, na ukurasa wa kwanza haukuwa na muhuri. Lakini ile nukta yetu ilikuwepo. Maana yake hakuna aliyeyaandika maneno yake upya kwa kompyuta. Kilitoka kwenye faili yetu au nakala yetu.

## Hatua ya 9: Ukiibiwa

Kabla ya kupiga kelele, kusanya. Kelele humfanya mwizi afute.

Nakala ya karatasi: nunua moja, omba risiti, piga picha meza na mtaa. Nenda COSOTA na cheti, nakala halisi na ile ya wizi. Kunakili kwa biashara ni kosa la jinai pia, kwa hiyo polisi wanahusika, si shauri la madai peke yake.

PDF mtandaoni: piga picha ya skrini inayoonyesha jina la kundi au chaneli, tarehe na idadi ya wanachama, nakili na kiungo. Kisha tuma malalamiko kwa kampuni yenyewe. Facebook na YouTube zina fomu zake, Telegram hupokea kwa barua pepe. Sheria ya Marekani ya mwaka 1998 inazisukuma kampuni za huko kuondoa zikipewa taarifa iliyokamilika, na taarifa iliyokamilika ina vitu hivi: kazi yako ni ipi, kiungo cha nakala ya wizi, jina na mawasiliano yako, kauli kuwa unaamini kwa nia njema kuwa matumizi hayo hayakuruhusiwa, kauli kuwa uliyosema ni kweli na kwamba wewe ndiye mmiliki au mwakilishi wake, na saini. Ukikosa kimoja wanakurudishia. Kiungo kiwe cha ujumbe wenye faili, si cha chaneli nzima.

Kundi la WhatsApp ni gumu zaidi. Mwandikie kiongozi wa kundi kwa upole, mwambie kitabu kinapatikana wapi na kwa bei gani. Wengi hufuta, na wawili watatu hununua.

## Bahasha

Sasa fungua ile bahasha ngumu. Ndani yake kuwe na nakala ya cheti, karatasi ya kila mchangiaji, barua za ruhusa, mkataba, hati ya makabidhiano ya mpiga chapa, na flashi yenye mswada na PDF ya mwisho.

Juu yake gundisha karatasi moja: jina la kitabu, nani ana leseni na inaisha tarehe gani, mrabaha unalipwa wapi, na barua pepe yenye rasimu inafunguliwaje. Miaka 50 baada yako ni ya wanao, na hawatajua kuwa wanadai fedha kama hawajui bahasha iko kabati gani. Mwonyeshe mmoja wao leo.